Malalamiko 57,000, Kosa Hakuna

Asubuhi ya Machi 8, 2021, Piers Morgan aliwaambia watazamaji wa Good Morning Britain, kipindi cha ITV ya Uingereza, kwamba haamini hata neno moja la Meghan Markle. Usiku wa kuamkia siku hiyo Marekani ilikuwa imeonyesha mahojiano ya Meghan na mumewe, Mwanamfalme Harry, kwa Oprah Winfrey, na humo Meghan alisimulia kwamba alifika mahali akafikiria kujiua. Kesho yake Morgan alibanwa hewani na mwenzake, Alex Beresford, akanyanyuka na kutoka studio. Kabla siku haijaisha alikuwa ameachana na kipindi.

Malalamiko kwa Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji Uingereza, yalipita 57,000. Kipindi kimoja hakikuwa kimewahi kulalamikiwa kiasi hicho tangu mamlaka hiyo ianze kazi Desemba 2003, na mmoja wa waliolalamika alikuwa Meghan mwenyewe. Septemba 1 uamuzi ukatoka: ITV haikuvunja kanuni.

Waliotegemea adhabu walihisi wamepuuzwa. Lakini Ofcom haihesabu kura. Lalamiko kwake ni kengele tu. Likishagonga, kinachochunguzwa ni kipindi chenyewe, na lalamiko moja lingetosha kulifungua jalada lilelile.

Safari ya lalamiko huanza na kalenda. Mtazamaji au msikilizaji ana siku 20 za kazi tangu kipindi kiruke hewani. Ofcom nayo hujiwekea lengo la siku 15 za kazi kufanya tathmini ya awali, yaani kuamua kama kuna hoja ya kikanuni au ni chukizo la kawaida la mtu aliyekerwa. Hapo ndipo malalamiko mengi mno huishia. Septemba 2020 kundi la Diversity lilicheza dansi kwenye Britain's Got Talent likigusia vuguvugu la Black Lives Matter. Watu zaidi ya 24,000 walilalamika, na Ofcom ikasema haitaanzisha hata uchunguzi.

Lalamiko likivuka hapo, kituo hutakiwa kutoa rekodi. Hiki ni kifungu kidogo ambacho mfumo mzima umekiegemea. Leseni inakilazimu kila kituo cha televisheni kutunza nakala ya kila kilichorushwa kwa siku 60, na redio kwa siku 42. Ofcom haitegemei kumbukumbu ya aliyekasirika wala maelezo ya mhariri anayejitetea. Wachambuzi wake hukaa na kanda na kusikiliza nani alisema nini, saa ngapi, kwa sauti gani, na nani alimjibu. Kisha kituo huandikiwa kieleze ni kwa nini kinaona hakikukosea, hupewa maoni ya awali ya mamlaka na nafasi ya kuyapinga, na ndipo uamuzi wa mwisho huchapishwa. Lengo ni kumaliza yote hayo ndani ya siku 50 za kazi, takriban wiki kumi. Shauri la Morgan lilifunguliwa Machi 9 likafungwa Septemba 1, karibu miezi sita. Lengo ni lengo tu.

Kipimo kinachotumika ni Kanuni za Utangazaji, zilizoanza kutumika mwaka 2005. Zina sura za kuwalinda watoto, za uchaguzi, za kutopendelea upande kwenye habari, za dini, za faragha na kadhalika. Saa tatu usiku ndio mpaka maarufu: maudhui yasiyofaa watoto hayaruhusiwi kabla ya hapo kwenye televisheni. Sura inayovuta malalamiko mengi ni ya madhara na maudhi, na ndani yake kuna sharti ambalo wanasheria wa vituo wanalijua kwa kichwa: maudhi yanaruhusiwa mradi muktadha unayahalalisha. Muktadha maana yake ni aina ya kipindi, kituo, saa, watazamaji waliotarajiwa, onyo lililotolewa, na jinsi maneno hayo yalivyopokelewa palepale hewani.

Kigezo hicho cha mwisho ndicho kilichoamua shauri la Morgan. Ofcom haikumsifu. Ilikiri kwamba kauli zake kuhusu afya ya akili na kujiua zingeweza kuwadhuru na kuwaudhi watazamaji. Ila kanda ilionyesha kwamba hakuachiwa uwanja. Mtangazaji mwenzake, Susanna Reid, na mwandishi wa habari za kifalme wa ITV, Chris Ship, walimpinga mara kwa mara, na mtazamaji akasikia pande zote mbili. Kumzuia mtu asitoe maoni makali katika mjadala wa namna hiyo, Ofcom ilisema, kungeminya uhuru wa kujieleza unaolindwa na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu.

Anayetaka kuhakiki kama hoja hiyo ni kisingizio arudi Januari 2007. Channel 4 ilikuwa ikionyesha Celebrity Big Brother, na mwigizaji wa India, Shilpa Shetty, akawa anadhihakiwa na wenzake ndani ya nyumba kwa maneno yaliyonuka ubaguzi. Malalamiko zaidi ya 44,000 yaliifikia Ofcom, rekodi iliyodumu hadi siku ya Morgan. Sharti lilikuwa lilelile la muktadha, na swali lilelile: maneno yalikabiliwa vipi? Safari hii jibu liliiumbua Channel 4. Maneno yaliachwa yapite bila kukemewa ipasavyo, na uongozi wa kituo ukaonekana kukosea vibaya katika uamuzi wa kihariri. Adhabu haikuwa faini. Kituo kiliamriwa kusoma muhtasari wa hukumu yake hewani, mara tatu, mbele ya watazamaji walewale wa Big Brother. Kwa mtangazaji, hiyo ni aibu ambayo hundi haiwezi kuifuta.

Faini nazo zipo. Oktoba 18, 2008, BBC Radio 2 ilirusha kipindi ambamo Russell Brand na Jonathan Ross waliacha ujumbe wa matusi kwenye simu ya mwigizaji Andrew Sachs, mzee wa miaka 78, kuhusu mjukuu wake. Mwanzoni BBC ilipata malalamiko mawili tu. Gazeti la Mail on Sunday likaiandika habari wiki iliyofuata, na hesabu ikapaa hadi zaidi ya 42,000. Brand alijiuzulu, Ross akasimamishwa wiki 12 bila mshahara, na Aprili 2009 Ofcom ikaitoza BBC pauni 150,000. Kilichoiuma zaidi mamlaka ni kwamba kipindi hakikuwa cha moja kwa moja: kilirekodiwa mapema, muda wa kukata ulikuwepo, na hakuna aliyekata. Kosa hilo lilikuwa na uzito uleule walipolalamika wawili kama lilivyokuwa walipofika maelfu.

Upande wa faragha na kutendewa haki, wingi hauna nafasi kabisa, maana anayeruhusiwa kulalamika ni aliyeathirika mwenyewe au anayemwakilisha. Peter Humphrey, aliyewahi kuwa mwandishi wa Reuters, alionyeshwa kwenye televisheni ya taifa ya China akiwa kizuizini, akitoa kile alichokiita ungamo la kulazimishwa. Vipindi hivyo vilionekana Uingereza pia kwa leseni ya Ofcom. Alilalamika, na mwaka 2020 Ofcom ikakubali kwamba hakutendewa haki na faragha yake iliingiliwa. Machi 2021 kituo hicho, kwa jina la CGTN, kikatozwa pauni 100,000 kwa shauri hilo.

Yapo yasiyoingia mlango huu. Malalamiko ya matangazo ya biashara hupelekwa kwa chombo kingine, ASA. Kipindi cha BBC hulalamikiwa BBC kwanza, na Ofcom huja baadaye kwa asiyeridhika. Na msikilizaji wa BBC Swahili, awe Tabora au Goma, asijisumbue kuandikia Ofcom: Idhaa ya Dunia ya BBC haiko chini yake, na mlango wa kubisha ni wa BBC yenyewe.

Udhaifu mkubwa wa mfumo huu uko kwenye yale ambayo hayakufika kokote. Mashauri makubwa huandikiwa kurasa kadhaa za sababu, hatua kwa hatua, kiasi kwamba hata anayepinga uamuzi huona umefikiwa vipi. Lalamiko lililoishia kwenye tathmini ya awali huambulia mstari mmoja katika taarifa ya Ofcom: jina la kipindi, kituo, tarehe, aina ya lalamiko, idadi ya waliolalamika. Sababu haimo. Mamlaka inayodai sababu kutoka kwa vituo ingeweza kuwapa walalamikaji wake angalau sentensi mbili.

Kwa msomaji aliyeko Uingereza aliyekerwa na kipindi: ghadhabu ndefu haisaidii. Andika jina la kituo, tarehe, saa, maneno yenyewe yaliyosemwa, na kama kulikuwa na mtu aliyeyapinga. Andika mapema, hasa kama ni redio. Siku 20 za kazi ni kama wiki nne, na kanda ya redio inaweza kufutwa halali baada ya wiki sita.