Gumba na Shahada: Mkono wa Mwenda Jean Bosco

Husemwa mara nyingi kwamba mpigaji gitaa asiyetetemeka mbele ya kadamnasi amezaliwa na ujasiri wake, kauli ambayo mimi siiafiki hata kidogo. Na hoja yangu naitoa katika jimbo la Lualaba, huko Kongo, kwa kuwa ndilo lenye Bunkeya, kitovu cha Bayeke, alikozaliwa mpigaji gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1930. Wimbo wake "Masanga", ambao mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey aliunasa Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, wamfunulia siri yake kila asikilizaye mkono badala ya sifa.

Mkono huo wa kuume hutumia vidole viwili tu. Gumba hushika nyuzi nene na kutembea kwa mwendo usiobadilika, ilhali kidole cha shahada hupiga nyuzi nyembamba, na sauti zake aghalabu haziangukii pale gumba linapoangukia bali hupenya katika mianya yake, hata msikilizaji akadhani waliokaa kitako ni wapigaji wawili. Nadhari ya binadamu haigawanyiki kwa wepesi namna hiyo. Basi hapana budi gumba lizoeshwe hadi akili iachane nalo kabisa, la sivyo kila shahada inapotaka kugeuza njia, gumba nalo huvutwa na kuifuata. Mwanafunzi na apige gumba peke yake, polepole, huku akizungumza na jirani yake habari za bei ya unga: mazungumzo yakilisimamisha gumba, bado hajawa tayari.

Lililo zito zaidi ni mageuzi. Mtafiti wa muziki David Rycroft, aliyeuchambua upigaji huu kwa nota mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliuita ubunifu wa papo kwa papo, kwani shahada ya Mwenda hurejea kila duru na sura iliyogeuka kidogo. Na mazoezi nayo hufaa zaidi yakigeuzwa-geuzwa: mwaka 1979 watafiti Shea na Morgan, huko Marekani, waliwafunza watu kuangusha vibao kwa mkono kwa taratibu tatu: waliorudia utaratibu mmoja mfululizo walionekana hodari zaidi siku ya mafunzo, lakini walipopimwa baadaye, wakashindwa na wale waliochanganyiwa taratibu hizo. Mazoezi yenye kuudhi ndiyo yaliyodumu.

Kuhusu kutetemeka mbele ya watu, mwanasaikolojia Robert Zajonc naye alieleza mwaka 1965 kwamba macho ya watazamaji hulitia nguvu lile lililokwisha kutawala mwilini, liwe sahihi ama kosa. Hadhira, kwa hiyo, haimharibii mtu kazi yake. Humtangazia tu alichokizoea nyumbani. Mwenda alipopanda jukwaa la Newport mwaka 1969, mbele ya Wamarekani wasiojua Kiswahili chetu cha Katanga, gumba lake halikuwa na haja ya kuulizwa kitu.

Somo hili lingezifaa pia kwaya zetu, ambazo nazipenda, kwani zina ada moja mbaya: kosa likitokea katika ubeti wa tatu, mwalimu hupiga kofi na wote wakaanza upya kutoka mwanzo. Ubeti wa kwanza huimbwa mara ishirini, wa tatu mara mbili, na Jumapili sauti huanza kwa fahari na kuishia kwa kunong'ona. Mwalimu na awaanzishie hapo hapo penye kosa, kisha katikati, kisha ubeti wa mwisho, bila ya kuwapa ilani.