Nunda Alitoka Nyumba Gani? Hamu ya Kale na Uhakiki wa Hadithi za Kutisha za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Hadithi za kutisha hukumbukwa kwa namna ya pekee. Mtu aliyewahi kujifunika shuka gubigubi kwa kuogopa zimwi la hadithini ndiye huyo huyo ambaye, akishapata watoto au wajukuu, husikitika kwamba kizazi cha leo hakisimuliwi tena hadithi kama zile. Hofu aliyoipata imegeuka kuwa kitu cha thamani, na anaikumbuka kama mtu anavyoikumbuka nyumba aliyozaliwa. Hali hii ndiyo inayoitwa hapa hamu ya kale, yaani shauku ya kurudia wakati uliopita ambayo imechanganyika na uchungu wa kujua kuwa wakati huo haurudi. Dhana yenyewe ina asili ya kitaaluma. Johannes Hofer aliiundia jina mwaka 1688, katika tasnifu ya utabibu aliyoiwasilisha Basel, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja likimaanisha kurudi nyumbani na jingine maumivu. Kwake yeye huo ulikuwa ugonjwa wa watu waliokuwa mbali na kwao.

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili, hamu hii haijapewa nafasi ya kuchunguzwa kama inavyostahili, ingawa hufanya kazi kimyakimya katika uchambuzi wenyewe. Mtafiti aliyezisikia ngano za mazimwi utotoni huja kuzihakiki ukubwani akiwa tayari amezipenda. Mara nyingi mapenzi hayo huvikwa vazi la dhima. Husemwa kuwa hadithi hizi ziliwaadilisha watoto, ziliwaonya wasitembee usiku na ziliwafunza utii. Kauli hizo si za uongo, lakini zinafanana mno. Zikitumika kwa kila ngano, hazitofautishi ngano moja na nyingine.

Hoja kuu ya makala hii ni kwamba hamu ya kale humhifadhi mnyama wa hadithi na kumsahau mwenye mnyama. Ili kuithibitisha hoja hiyo, makala inaichambua hadithi ya Sultani Majnuni, iliyomo katika mkusanyiko wa Edward Steere wa mwaka 1870, kisha inafuatilia namna hadithi hiyo ilivyobadilishwa jina katika mikusanyiko iliyofuata. Mwisho inaiweka karibu na riwaya moja ya karne ya ishirini ili kuonyesha kuwa swali linaloulizwa hapa halikuishia katika ngano.

2.0 Kinachobaki katika Kumbukumbu

Mulokozi (1989), katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anaiona fasihi hiyo kuwa ni tukio linaloundwa na mambo kadhaa yanayotegemeana, yakiwamo fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Mtazamo huu unatusaidia kuona kwamba mtu anaposema anaikumbuka hadithi, huenda anachokumbuka si matini bali tukio. Anakumbuka giza la nje na mwanga wa kibatari. Anakumbuka sauti ya bibi ikishuka pale zimwi linapokaribia, bega la ndugu yake aliyekaa karibu, na jinsi wote walivyoitikia pakawa baada ya kusikia paukwa. Mambo haya ni sehemu halali ya sanaa ya utambaji, na mhakiki hana sababu ya kuyadharau.

Hata hivyo, yana athari katika hukumu yetu. Hofu ya utotoni ilikuwa hofu yenye ulinzi. Mtoto aliogopa akiwa amezungukwa na watu wake, na aliyemtisha ndiye aliyemlaza baadaye. Kwa hiyo kumbukumbu ya hadithi ya kutisha kwa kiasi kikubwa ni kumbukumbu ya kulindwa. Hapo ndipo panapojibu kwa nini hofu hukumbukwa kwa furaha, na ndipo panapojificha hatari ya kiuhakiki. Msomaji anayeutafuta ule ulinzi huielekea hadithi kana kwamba nayo ilikusudiwa kumtuliza, na huziruka sehemu zake ambazo hazimtulizi.

Svetlana Boym (2001) anatofautisha aina mbili za hamu ya kale. Ya kwanza hutaka kuijenga upya nyumba iliyopotea na hujiona kuwa ni ukweli wenyewe. Ya pili huikubali kasoro ya kumbukumbu na kuitafakari. Tofauti hii inaufaa uhakiki wetu. Mhakiki hatakiwi kuifuta hamu yake, maana bila hiyo pengine asingeichagua mada hii. Anachotakiwa ni kuifanya ushahidi wa kupimwa, badala ya kuiacha iwe mahitimisho.

Mwandishi wa makala hii anaweza kutoa mfano wake mwenyewe. Hadithi ya Nunda mla watu aliisikia utotoni kwa bibi yake, na kwa miaka mingi alikuwa na hakika kuwa anaijua. Alimkumbuka mnyama mkubwa wa msituni, kijana aliyemwinda, na wimbo wa mama uliorudiwarudiwa. Alipoisoma katika maandishi akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, aligundua kuwa hakukumbuka kabisa Nunda alikuwa nani kabla ya kuwa Nunda. Haijulikani tena kama bibi aliiacha sehemu hiyo au mjukuu aliisahau. Kwa vyovyote vile, pengo hilo ndilo lililozaa uchambuzi unaofuata.

3.0 Paka, Ndama na Sultani

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 akiwa mmisionari wa Kianglikana. Kitabu chake, Swahili Tales, kilichapishwa London mwaka 1870, matini ya Kiswahili ikiwa sambamba na tafsiri ya Kiingereza. Mpangilio huo unaonyesha kuwa kilimfaa msomaji wa kigeni aliyekuwa akijifunza lugha. Hivyo, hadithi ambazo leo twaziita za utotoni ziliingia katika chapa zikiwa mikononi mwa watu wazima waliotoka mbali, na mhakiki hana budi kulizingatia jambo hilo kabla ya kuzichukua kuwa sauti halisi ya jioni za kale.

Katika hadithi ya Sultani Majnuni, mnyama wa kutisha hatoki msituni. Anatoka ndani ya jumba. Sultani ana paka anayempenda. Siku moja paka anamuua ndama, na watu wanapopeleka habari, sultani anajibu kuwa paka ni wake na ndama ni wake, kwa hiyo hakuna la kufanya. Mauaji yanaendelea na kupanda ngazi: mifugo midogo, kisha mikubwa, kisha binadamu. Kila wanapokuja walalamikaji, jibu haligeuki, nalo ni hoja ya umiliki. Aliyeuawa na aliyeua wote wamo katika mali ya mtu mmoja, na kwa hiyo, kwa mantiki ya sultani, hapana aliyedhulumiwa. Paka anapowaua wana watatu wa sultani mwenyewe, ndipo sultani anapokiri kwamba huyo si paka tena bali ni Nunda.

Mambo matatu yanahitaji kuzingatiwa. Kwanza, taharuki ya hadithi imejengwa juu ya urudiaji wa jibu, wala haikujengwa juu ya maelezo ya umbo la mnyama. Msikilizaji anatishika kwa sababu anajua jibu litakalotolewa kabla halijatolewa. Pili, jina Nunda linatolewa na mtawala, na linatolewa kwa kuchelewa. Raia walikuwa wamekwisha kuliwa wakati muuaji angali akiitwa paka. Tatu, jina la sultani mwenyewe ni hukumu. Majnuni ni neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya mwendawazimu, na shina lake ni lile lile lililotupa neno jini. Kama kuna pepo katika hadithi hii, lugha yenyewe imemweka kwenye kiti cha enzi.

Sehemu ya uwindaji nayo husomeka kwa namna mpya. Kijana mdogo, aliyedharauliwa na kuitwa Mkaajikoni, anaondoka kumtafuta Nunda. Anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, akianza na mbwa na kufikia hata tembo, na kila mara mama yake anamwambia kuwa huyo siye. Utotoni sehemu hii huchekesha na kuburudisha kwa wimbo wake. Katika muundo mzima wa hadithi, lakini, ni kinyume cha yale majibu ya sultani. Baba alikataa kumtaja mhalifu aliyekuwa mbele ya macho yake. Mama anakataa kumpa jina la mhalifu yeyote asiyehusika, hata akiwa mkubwa na wa kuogofya. Hadithi inafunza kutambua, na inaonyesha kuwa ukubwa wa mnyama si ushahidi wa hatia yake. Funzo hili ni zito kuliko onyo la kutotembea usiku.

Isitoshe, hadithi hii ilichapishwa wakati binadamu walikuwa wakiuzwa hadharani Unguja, kwani soko la watumwa la huko lilifungwa mwaka 1873. Hatudai kwamba Nunda ni fumbo la soko hilo. Inatosha kusema kuwa hoja ya kwamba muuaji ni wangu na marehemu ni wangu haikuwa njozi tupu kwa wasikilizaji wa mji huo.

4.0 Majina Matatu ya Hadithi Moja

Ushahidi wa namna kumbukumbu inavyohamisha hofu unapatikana pia nje ya kumbukumbu za mtu binafsi. Mwaka 1901 hadithi hii ilitokea katika vitabu viwili vya Kiingereza. Andrew Lang aliiingiza katika The Violet Fairy Book, kitabu cha watoto kilichotolewa London, kwa kichwa kinachomtaja Nunda, mla watu. George W. Bateman aliiweka katika Zanzibar Tales, kilichotolewa Chicago, kwa kichwa kinachomtaja Mkaajikoni, kijana mwindaji. Steere alikuwa ameiita kwa jina la sultani.

Basi hadithi ni moja, na majina ni matatu: la mtawala, la mnyama na la shujaa. Kila jina linamwelekeza msomaji pa kuiweka hofu yake. Jina la kwanza linamkalisha barazani kwa sultani, mahali panapotolewa majibu. Jina la pili linampeleka msituni. Jina la tatu linamwahidi ushindi tangu mwanzo. Mara hadithi ilipoandaliwa kwa watoto wa ng'ambo, kichwa kilimwacha sultani. Haitushangazi kwamba na kumbukumbu ya mtoto wa huku ilimwacha pia. Wote wawili walikuwa wakitafuta katika hadithi hofu inayoweza kumalizwa kwa mshale au risasi, na hofu ya aina hiyo ni rahisi kuipenda.

5.0 Kutoka Nunda hadi Mzimu

Huenda ikapingwa kwamba usomaji huu unaibebesha ngano ya watoto mzigo wa siasa. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa mtoto ana haki ya kuogopa kwa raha bila kuulizwa habari za utawala. Jibu letu ni kwamba mzigo huo haukuletwa na mhakiki. Majibu ya sultani yamo katika matini, na ndiyo yanayoisukuma mbele. Ukiyaondoa, hakuna Nunda.

Aidha, tabia ya kuirudisha hofu nyumbani kwake imeendelea katika fasihi andishi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla anaanzia mahali ambapo kila msomaji aliyelelewa na hadithi za mizimu angepaogopa. Maiti inakutwa mzimuni, na dhana ya haraka ni kwamba wa kale wameua. Mpelelezi Bwana Msa anaikataa dhana hiyo, anauliza maswali ya kawaida kuhusu watu walio hai, na hatimaye mkono wa binadamu unadhihirika. Riwaya hii huelezwa zaidi kama mwanzo wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili na kama athari ya utanzu uliotoka nje. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaacha jambo moja. Kazi anayoifanya Bwana Msa inafanana na ile ya mama wa Mkaajikoni: anaonyeshwa mhalifu anayetisha, naye anasema kuwa huyo siye. Msomaji anayeikumbuka riwaya hii kwa sababu ya mzimu uliotajwa jaladani ameisahau kwa namna ile ile tuliyoisahau hadithi ya paka.

6.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kuwa hamu ya kale si adui wa uhakiki, mradi iwekwe mezani pamoja na matini. Inatuambia kwa uaminifu mahali tulipokaa tulipoisikia hadithi na nani aliyetukinga. Haituambii kwa uaminifu hadithi yenyewe ilisema nini.

Kwa watafiti wa ngano za kutisha, mambo mawili yanafuata. Kwanza, anapohojiwa mtu kuhusu hadithi za utotoni mwake, asiulizwe tu ni zimwi gani alilolikumbuka. Aulizwe zimwi hilo lilitoka wapi, na pale asipokumbuka, pengo hilo liandikwe kuwa ni data, kisha lilinganishwe na matini zilizohifadhiwa. Pili, dhima ya kuadilisha isitajwe kabla ya kuonyeshwa ni nani hasa anayeonywa. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, watoto wanaliwa bila kosa lolote la utovu wa utii. Mwenye kosa ni yule aliyepelekewa habari za ndama, akajibu kuwa ni wake.