Vituo vya Mapumziko vya Barabara Kuu za Marekani

Kituo cha mapumziko cha barabara kuu nchini Marekani, yaani mahali pa umma penye vyoo, maji ya kunywa, meza na kivuli, ambapo msafiri huegesha gari bila kulipa chochote, ni huduma inayostahili sifa kubwa kuliko inayopewa, hasa sasa ambapo vituo vingi vya zamani vimefungwa au kubomolewa. Chimbuko lake ni meza tu, ambayo mhandisi Allan Williams wa kaunti ya Ionia, Michigan, aliiweka kando ya barabara mwaka 1929. Baada ya sheria ya mwaka 1956 kuharakisha ujenzi wa barabara za Interstate, yaani barabara kuu zinazounganisha majimbo na ambazo mara nyingi hukwepa katikati ya miji midogo, vituo viliongezeka, na wasanifu majengo wakavitumia kumtambulisha mgeni kwa eneo analopita. Mfano bora uko South Dakota, ambako nguzo 8 za zege, zenye urefu wa mita 17 hivi, zimeegemezwa pamoja kwa juu kama miti ya tipi, lile hema la ngozi la wenyeji wa nyanda hizo.

Sheria ya shirikisho huzuia biashara katika vituo vya Interstate, hivyo matunzo hutegemea bajeti ya jimbo, na ndiyo maana mwaka 2009 Virginia na Arizona zilifunga vituo vingi ili kubana matumizi. Migahawa ya njia panda haizibi pengo hilo, kwani humtaka msafiri awe mteja kwanza. Majimbo ambayo bado yana vituo vya zamani yanapaswa kuvikarabati, si kuvibomoa.