Comic Sans kwenye kijitabu cha mazishi

Majuzi nilihudhuria mazishi ya mwalimu mwenzangu wa zamani. Kwenye jalada la kijitabu cha wasifu palikuwa na picha yake akiwa amevalia joho, na chini yake jina lake kwa herufi za Comic Sans, zile zinazofanana na mwandiko wa mtoto mchangamfu. Mhadhiri kijana aliyeketi kando yangu akaninong'oneza: "Prof, haya ni mazishi ama ni bethdei?" Nusura nicheke. Kisha nikaona haya.

Wengi huidharau fonti hii bila kujua ilikotoka. Vincent Connare aliibuni mwaka wa 1994 akiwa Microsoft. Alikuwa ameiona programu ya Microsoft Bob ikiwa katika hatua ya majaribio, ambamo mbwa wa katuni alimwelekeza mtumiaji asiyeizoea kompyuta. Maneno ya mbwa huyo yaliandikwa kwa Times New Roman. Herufi za gazeti kinywani mwa mbwa, jamani! Connare akavirejelea vitabu vya vibonzo, Watchmen kikiwa kimojawapo, akachora herufi zinazofaa kiputo cha usemi. Zilichelewa kuingia katika Bob, lakini baadaye zikasambazwa pamoja na Windows, na hapo ndipo zilipovunja zizi.

Sisi wanaisimu tungesema kwamba Connare alisahihisha kosa la sajili. Nasi tumelirudia kosa lilo hilo kinyumenyume: mbwa alipewa sauti ya mhariri, marehemu wetu kapewa sauti ya kibonzo. Isitoshe, ukizikuza herufi hizi jaladani, udhaifu wake hujianika: mistari ya unene mmoja, ncha butu, miguu isiyosimama wima. Kwenye vioo vya kompyuta vya miaka ile, zikiwa ndogo, zilisomeka vizuri mno.

Hata hivyo, siungi mkono wanaotaka ipigwe marufuku. Itazame a yake: duara na kijiti, kama mwalimu wa chekechea anavyoiandika ubaoni. Ile ya magazeti ina kikofia ambacho mtoto hafundishwi kukiandika. Shirika la British Dyslexia Association huitaja Comic Sans miongoni mwa fonti zinazoweza kumfaa msomaji mwenye disleksia. Na mnamo Julai 4, 2012, Fabiola Gianotti alipowasilisha matokeo ya utafutaji wa chembe ya Higgs kule CERN, slaidi zake zilikuwa za Comic Sans. Watu wakazicheka herufi, chembe haikutoweka.

Baada ya maziko niliuliza ni nani aliyekichapa kijitabu. Nikaonyeshwa mjukuu wa marehemu, msichana wa sekondari. Nilimuuliza kwa upole mbona akachagua herufi zile.

"Zile zingine zilikuwa zinakaa barua ya korti, Prof."

Nilikosa la kumjibu. Ila lile jina la jaladani, kama ningeulizwa mapema, ningelibadilisha.