Ukindu Huanza kwa Kulegezwa

Mkindu humea penye unyevu, mabondeni na kandokando ya mito kama Ruvu, na kuti lake lina miiba mikali karibu na shina. Msusi wa mikeka huanza kazi kwa kuuogopa mti huo: kisu kwanza, kidole baadaye.

Yanayofuata hayataki pupa. Makuti machanga huanikwa juani, yakachanwa nyuzi nyembamba, nyingine zikachemshwa kwenye rangi. Lakini ukindu mkavu haupindiki, ukiulazimisha, unakatika. Kwa hiyo wasusi wa Kizaramo, Kisarawe hadi Kibaha, huulowesha kwanza ndipo wasuke ukili. Huo ukili, ukiwa peke yake, ni utepe tu. Hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana wa mkeka utimie, na hapo hubeba familia nzima iliyokaa kula.

Kilele cha ufundi huu ni msala, ule mdogo wa jadi wenye umbo la yai. Mkeka wa kulalia husifiwa na wageni. Msala hujuana na paji la uso. Mwenye kusujudu juu yake hukiri mara tano kwa siku kwamba hajiwezi, wala hilo si jipya kwake: sura ya An-Nisaa, aya ya 28, imekwisha kumtaja binadamu kuwa kiumbe dhaifu. Majirani zake Walutheri, ambao misheni yao ilifika Kisarawe miaka ya 1890, wanaye Paulo, aliyewaandikia Wakorintho habari za mwiba mwilini ambao Mungu hakumwondolea. Mchuma ukindu haelezwi mwiba ni nini.

Wapo wanaouona unyenyekevu huo kuwa unyonge. Wamtazame basi bibi ambaye macho yamepungua nuru. Humwita mjukuu amtungie sindano, husema Bismillahi, na vidole vyake huendelea kupapasa ukingo wa ukili pale macho yalipoishia. Anayejifanya bado anaona angeshona upogo siku nzima. Ukimuuliza mkeka utakwisha lini, hataji siku. Atakwambia Mungu akipenda, na huku mkono haujasimama.

Siku hizi mikeka ya plastiki imejaa madukani, nayo hufutika kwa kitambaa tu. Mnunuzi akitaka kupunguziwa ule wa ukindu, msusi huupindua, akamwonesha mshono wa upande wa chini, kisha akataja bei ile ile.