Gari la Mseto na Istilahi Zake: Uhakiki

Kila chombo kipya kinapoingia nchini huingia na majina yake, na aghalabu majina hayo huwa yamekwisha kuzagaa mitaani kabla ya wanaistilahi kuketi na kuyajadili. Ndivyo ilivyokuwa kwa baiskeli, kwa redio na kwa simu ya mkononi. Katika makala haya twakusudia kuhakiki majina yanayotumiwa kuliita gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, na vilevile majina ya baadhi ya viungo vyake. Hatutashughulika na utamu wa majina hayo masikioni. Kipimo chetu ni kimoja: je, mtu anayelisikia jina ataongozwa kufanya lililo sahihi, ama atapotoshwa?

Suala hili si la wataalamu peke yao. Mwananchi ambaye kwa miaka mingi ameendesha gari dogo la petroli leo anashawishika kulibadili na kuchukua gari la aina hii, hasa kwa kuwa hutumia mafuta kidogo katika foleni za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Mengi ya magari haya hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Toyota Prius ilianza kuuzwa huko Desemba 1997, Toyota Aqua ikafuata Desemba 2011, na Corolla Axio ya aina hii mwaka 2013. Kitabu cha maelezo kilichomo garini, kama kimesalia, aghalabu kimeandikwa kwa Kijapani. Kwa hiyo mnunuzi na fundi wake hutegemea zaidi maneno wanayoambiana. Maneno hayo yakiwa na kasoro, kasoro hiyo huhamia katika mikono ya fundi.

Dhana Yenyewe

Kabla ya kulihukumu jina hapana budi tuieleze dhana. Wazo la kuunganisha petroli na umeme si geni: mwaka 1900 Ferdinand Porsche alitengeneza gari ambalo injini yake ya petroli ilizalisha umeme wa kuendesha mota zilizofungwa magurudumuni. Katika Prius na jamaa zake, injini na mota hupokezana na kusaidiana. Gari linapoondoka polepole, mota huweza kulisukuma peke yake. Linapohitaji nguvu zaidi, injini huingia kazini. Dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta, na sehemu ya nguvu ya mwendo ambayo katika gari la kawaida ingepotea kama joto hurudishwa katika betri.

Mambo mawili yafaa yakumbukwe katika yote yatakayofuata. Kwanza, magari haya tuliyoyataja hayachomekwi ukutani. Nguvu zake zote asili yake ni petroli iliyomiminwa katika tangi. Pili, ndani yake mna betri mbili. Moja ni ya volti 12, mfano wa ile iliyozoeleka. Ya pili ni kubwa zaidi: katika Prius iliyotoka mwaka 2003 ina volti 201.6, na katika Aqua ina volti 144. Kisha kifaa kingine huweza kuzikuza volti hizo hadi kufikia 500 hivi kabla ya umeme kufika kwenye mota.

Majina Yanayoshindana

Majina tunayoyasikia ni manne: gari la haibridi, gari la umeme, gari chotara na gari la mseto.

Haibridi ni neno la Kiingereza lililovikwa matamshi yetu. Wauzaji na mafundi wanaelewana kwalo, na hatuna haja ya kuwagombeza. Lakini kwa anayelisikia mara ya kwanza neno hili halisemi lolote. Utaratibu wetu wa kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, ndipo twende ughaibuni. Kukopa si aibu. Tumekopa breki, gia, klachi na betri, na maneno hayo leo ni yetu. Hata hivyo hukopa asiye nacho, na hapa, kama tutakavyoonyesha, neno tunalo.

Gari la umeme ndilo jina lenye madhara. Gari la umeme ni lile lisilo na injini ya petroli kabisa. Mtu akiliita Prius gari la umeme, msikilizaji ataanza kutafuta waya wa kuchomeka. Pengine atafanya baya zaidi: petroli ikimwishia ataendelea na safari kwa kuamini kwamba umeme utamfikisha. Magari ya Toyota ya aina hii hayana stata ya kawaida. Injini huwashwa na mota kwa kutumia umeme wa ile betri kubwa. Betri hiyo ikikaushwa kwa mwendo usio na petroli, gari huenda lisiwake hata baada ya kutiwa mafuta.

Pengine msomaji atatukumbusha kuwa mbona tumesema gari la moshi miaka yote, na treni za dizeli hazikuwa na moshi ule wa zamani, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma, wala hakuna aliyedhurika kwa jina? Hoja hii ina uzito, lakini hailingani na hali yetu. Abiria wa treni hafungui mtambo wake. Gari dogo hufunguliwa na mafundi wa vichochoroni kila siku, na mwenyewe ndiye anayelitia mafuta. Jina lisilo la kweli huvumilika pale ambapo asikiaye hana la kutenda kutokana nalo.

Chotara na Mseto

Gari chotara lina watetezi wake, nao huleta mfano wa mbegu chotara na ng'ombe chotara. Kwa upande mmoja wana haki, kwani neno la Kiingereza lenyewe lilianzia huko kwenye uzazi wa wanyama na mimea. Lakini kazi yetu si kufuata nyayo za neno la Kiingereza bali kuitaja dhana. Chotara ni zao la mbegu mbili zilizokwisha kuungana. Huwezi kumtazama ndama chotara ukasema mguu huu ni wa baba na huu ni wa mama. Katika gari tunalolijadili, injini ni injini na mota ni mota. Kila kimoja kina mahali pake, kina kazi yake, na kina namna yake ya kuharibika. Tena chotara ni neno linalotumika kwa binadamu, na si kila aitwaye hivyo hulipokea kwa moyo mweupe. Neno mahuluti, ambalo wengine wamelipendekeza, halina doa hilo la mwisho, ila maana yake ni ile ile ya vitu vilivyochanganyika, nalo limekwisha kupata kazi katika elimu ya kilimo.

Mseto latufaa zaidi. Kila mpishi anajua kuwa mseto ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa katika chungu kimoja, na mlaji huvitambua vyote viwili sahanini. Kutoka jikoni neno hili limesafiri mbali bila kupoteza maana yake. Twasema kilimo cha mseto. Twasema dawa mseto ya malaria, maana yake dawa mbili zinazosaidiana ndani ya mwili mmoja. Twasema serikali ya mseto, kama ile ya Kenya ya mwaka 2008 hadi 2013, ambamo vyama viliketi pamoja bila chama chochote kuacha kuwa chama. Katika matumizi yote hayo wazo ni moja: vitu viwili au zaidi vinafanya kazi kwa pamoja huku kila kimoja kikibaki na nafsi yake. Hiyo ndiyo dhana ya gari letu.

Hata hivyo mseto nao hauna budi kuwekewa mipaka. Je, ni mseto wa nini? Dar es Salaam imepata gesi asilia kutoka Songo Songo tangu mwaka 2004, na leo yako magari yaliyofungwa mtungi wa gesi huku tangi la petroli likiachwa mahali pake. Hayo nayo yana vitu viwili, lakini ni nishati mbili za kulisha injini moja. Hayana mota ya kuyaendesha wala betri kubwa. Yakiitwa pia ya mseto, fundi wa gesi ataletewa gari asilolijua. Twapendekeza hayo yaitwe magari ya nishati mbili, na mseto ubaki kwa lile lenye injini na mota. Ama lile la mseto ambalo betri yake huweza pia kujazwa kutoka ukutani, laitwe gari la mseto la kuchomeka, kwa kuwa kuchomeka ndilo neno ambalo watu wenyewe hulitumia kwa pasi na kwa simu.

Kuna pia usemi wa matangazo kwamba gari la mseto hujichaji lenyewe. Usemi huu haufai. Hujichaji kwa petroli ya mwenye gari, naye ameilipia. Nchini Norway mamlaka ya kulinda walaji ilikwisha kuuona usemi wa namna hiyo kuwa unapotosha, mwaka 2020. Nasi tuseme tu kwamba gari huchajiwa na injini yake na breki zake.

Betri Ipi?

Hapa ndipo penye uhai wa mtu. Fundi aliyezaliwa katika magari ya petroli amezoea betri ambayo huishika ncha zote mbili kwa mikono mitupu asidhurike. Kwake neno betri lina maana ya volti 12. Akiambiwa kwamba betri ya gari la mseto ina matatizo, mkono wake utakwenda kwa mazoea ule ule. Volti 201.6 za betri ya Prius zinakaribia volti 230 za umeme wa nyumbani, na zaweza kuua.

Wengine husema betri kubwa. Jina hili si la uongo, lakini ukubwa si hatari; hata betri ya lori ni kubwa. Wengine husema betri ya haibridi, na hilo halisemi kitu. Sisi twaona kuwa neno limekwisha kuwepo katika masikio ya wananchi. Shirika la umeme linapotangaza habari za nguzo na nyaya zake husema umeme wa msongo wa kilovoti 33, au msongo mkubwa, na mtoto wa shule anajua kwamba mahali penye msongo mkubwa hapasogelewi. Twapendekeza betri hii iitwe betri ya msongo, na ile ya volti 12 iitwe betri ndogo. Nyaya zitokazo katika betri ya msongo, ambazo watengenezaji huzivika rangi ya machungwa ili zitambulike, ziitwe nyaya za msongo. Neno hili halimwelezi fundi jinsi ya kufanya kazi, lakini humzuia kuanza kabla hajafundishwa. Akiisha kufundishwa atajua kuwa gari huzimwa kwanza, betri ndogo ikafunguliwa, glavu za kuzuia umeme zikavaliwa, kifaa cha kukatia msongo kikachomolewa, kisha akasubiri, kwa kawaida dakika 10, umeme uliobaki upungue.

Kuzima na Kunyamaza

Kasoro nyingine imo katika kitenzi. Twasema gari limewaka na gari limezima, na kwa gari la petroli sikio hutosha kuamua. Katika gari la mseto injini husimama yenyewe kwenye taa za barabarani, ilhali gari liko tayari kuondoka. Mtu asiyesikia mngurumo husema limezima, hufunua boneti, hutia mkono. Na injini huweza kuwaka ghafla bila kuguswa na mtu.

Kiswahili kina uwezo wa kuzitenganisha hali hizi bila kukopa chochote. Tuseme gari limezimwa pale tu dereva anapokuwa amelizima mwenyewe. Tuseme gari limenyamaza pale injini inaposimama huku gari likiwa tayari. Taa iliyoko mbele ya dereva inayoonyesha hali hiyo iitwe taa ya tayari. Hapo mwalimu wa gereji ataweza kuwaambia wanafunzi wake kwa sentensi fupi kwamba gari lililonyamaza si gari lililozimwa.

Ama breki zinazorudisha nguvu katika betri, tumeona zikiitwa breki za kuzaliwa upya. Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno, na msikilizaji hupelekwa kanisani badala ya gereji. Kwa kuwa twasema kuvuna maji ya mvua, yaani kuyakusanya maji ambayo yangepotea, twaweza kusema breki za kuvuna umeme.

Mapendekezo

Kwa ufupi, twapendekeza: gari la mseto, gari la mseto la kuchomeka, gari la nishati mbili, betri ya msongo na betri ndogo, nyaya za msongo, taa ya tayari, kunyamaza, tofauti na kuzimwa, na breki za kuvuna umeme. Gari la umeme libaki kwa lile lisilo na injini kabisa.

Mapendekezo haya hayajawa sheria. Twawaomba mafundi, walimu wa vyuo vya ufundi, madereva na wasomaji wengine wote wayapime kazini na kutuletea maoni yao, hususan wale ambao gereji zao zimekwisha kuyapokea magari haya. Kama kuna mahali ambapo mafundi wamekwisha kuipa betri ya msongo jina lililo bora kuliko hili letu, jina hilo twalihitaji kabla ya jina letu halijachapwa katika orodha.