Hodi ya Windows 11

Mlio wa kuwasha Windows 95 aliutunga Brian Eno. Ni wa sekunde sita hivi, nao hutoweka kabla hujauchoka. Windows XP nayo ilikuja na mlio wake, ila haikukulazimisha: uliingia kwenye mipangilio, ukachagua faili la sauti unalolipenda, basi.

Mwaka 2012 Windows 8 ikanyamaza. Mlio umerudi na Windows 11 mwaka 2021. Ni laini na mzuri, lakini mipangilio inakupa mawili tu: kuuwasha au kuuzima. Na kwa kuwa Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 Oktoba 2025, mwenye steshenari hapa Singe, Babati, hana budi kuhamia huko.

Utaniambia mlio ni pambo tu. Redio Tanzania haikuona hivyo. Ngoma zilizotangulia taarifa ya habari ziliwaambia wazazi wetu, kabla ya neno lolote, kwamba anayezungumza ni wa kwetu.

Njia ya kuzunguka ipo: zima mlio wa kiwandani, kisha iagize Task Scheduler icheze faili lako kila unapoingia. Inafanya kazi, na nashauri uijaribu. Ila ngoma yako italia ukishaweka nywila, wakati mlio wa kiwandani ungelia mwanzoni kabisa. Hiyo ni hodi ya mgeni aliyekwisha kukaa sebuleni. Kompyuta umeinunua wewe. Mlangoni bado anachagua Microsoft.